Mguu wa Mama Breki

Gari la kufundishia udereva lina breki mbili. Mwanafunzi ana usukani, klachi, pedali ya mafuta na breki yake. Mwalimu aliyekaa pembeni ana hiyo breki ya pili tu, basi. Watu hudhani kazi yangu ni kufundisha. Si kweli. Watu hujifundisha wenyewe kwa kukosea. Kazi yangu mimi ni kukaa pembeni na kuogopa kwa niaba yao. Mwanafunzi bado anaitafuta gia ya pili kama anayetafuta ufunguo gizani, mimi nimeshamwona mama wa toroli anataka kuvuka, na mguu wangu wa kulia umeshakanyaga. Ndiyo maana shuleni wakaniita Mama Breki. Sikulikataa jina. Wapo walioitwa vibaya zaidi.

Walimu wa udereva wote tuna ugonjwa mmoja. Tupakie kwenye gari la mtu mwingine, tunakanyaga sakafu. Breki haipo, lakini mguu haujui hilo na wala hauulizi. Mume wangu ni fundi wa friji na ana pikapu ambayo imechoka kuliko sisi wote, na kila tulipotoka pamoja alikuwa ananicheka.

"Mama watoto, utalitoboa bati hilo, halafu tusukume kwa nyayo."

"Endesha kama mtu mwenye akili, nami nitatuliza mguu."

Tuliishi hivyo miaka mingi. Mimi mdomo ninao, na hasira zangu ziko karibu. Nimewahi kumshusha mwanafunzi katikati ya somo na kumwambia arudi shuleni kwa miguu ili ajue watembea kwa miguu wanajisikiaje. Mwenye shule alinionya mara nyingi kwamba nawafukuza wateja. Nilimwambia wateja hai wanalipa vizuri kuliko wateja waliokufa.

Mwaka jana nikaugua. Sikufiwa, sikuachwa, sikufukuzwa kazi. Kila mtu alitafuta sababu na hakuna aliyeipata, isipokuwa wifi yangu, ambaye alisema ni uchovu wa umri akatuletea asali. Asali tukaila. Mimi nikaendelea kuzama.

Ilianza mwilini. Kuinua kikombe ikawa kazi ya kupanga: kwanza fikiria mkono, kisha fikiria vidole. Nilikuwa nikiulizwa swali naanza kujibu mtu ameshaondoka. Nguo nilizianua zikiwa zimekauka hadi zinasimama zenyewe. Halafu kichwa nacho kikafuata. Nikaanza kufikiri, bila hasira wala machozi, kwamba nyumba ile ingekuwa na nafasi zaidi bila mimi. Nililisema hilo kwa sauti siku moja, nikidhani nimelifikiria tu. Mume wangu alikuwa ananiosha miguu kwenye beseni. Akaacha kuosha. Kesho yake akanipakia kwenye pikapu tukaenda kliniki.

Daktari alikuwa mwanamke mdogo kuliko mimi, miwani ameipandisha kichwani huku anaitafuta mezani. Mume wangu akamwonyesha. Daktari akacheka, akaivaa, akanisikiliza, au tuseme alimsikiliza mume wangu, kwa maana mimi maneno yalikuwa mbali. Kisha akanigeukia.

"Mama, nimeambiwa wewe ni mwalimu wa udereva. Sasa, ubongo ni kama gari—"

"Daktari," nikamkatiza, na hayo yalikuwa maneno yangu ya kwanza siku ile. "Kila anayejua kazi yangu ananieleza dunia kwa gari. Hata mkunga aliyenizalisha alinieleza kwa gari. Nieleze ubongo kwa ubongo."

Akanitazama, akasogeza kiti. Akasema ndani ya ubongo kuna chembe nyingi mno, na chembe hizo hazigusani. Kati ya moja na nyingine kuna upenyo mdogo. Chembe ikitaka kusema na mwenzake, inamwaga tone la kemikali kwenye upenyo huo. Mwenzake anaipokea, na kile kilichobaki kinafyonzwa kurudi kilikotoka. Kemikali ziko za aina nyingi. Moja inaitwa serotonini, ina mkono wake kwenye usingizi, tumbo, hofu na huzuni. Nyingine ni dopamini, hiyo inahusika na hamu ya mambo, na pia na mwendo wa mwili. "Ndiyo maana mtu mwenye huzuni ya ugonjwa anatembea taratibu. Si uvivu. Mwili na moyo vinatumia mafundi wale wale." Vidonge atakavyonipa, akasema, vinazuia serotonini isifyonzwe haraka, ikae kwenye upenyo kwa muda mrefu zaidi. Kwa nini hilo linamwinua mtu, na kwa nini linachukua wiki kadhaa, akakiri kwamba hata wao hawajalijua lote. Nikampenda kidogo kwa hilo, au ningempenda kama ningekuwa na nguvu.

Vidonge vilifanya kazi. Sitaki mtu asome haya halafu akatupe dawa zake. Mwili ndio ulioamka kwanza. Siku moja nilijikuta nimesimama jikoni nakata vitunguu na sikukumbuka kupanga kusimama. Yale mawazo ya nafasi ndani ya nyumba yakaondoka. Nikala, nikalala, nikarudi kazini, na mwenye shule akaagiza soda kwa wote.

Kilichofuata kilikuja kimya kimya kiasi kwamba sikukiona. Niliacha kupiga kelele. Kijana mmoja alipanda ukingo wa barabara akagonga pipa la taka, nami nikamwambia, "Rudi nyuma, jaribu tena." Alinitazama kama amepakiwa na mwalimu asiye wake. Habari zikaenea kwamba Mama Breki amekuwa mpole. Wanafunzi wakaanza kunigombea. Mwenzangu tunayemwita Kobe, mwalimu mwenye subira ambayo sijawahi kuipenda, akaniuliza siri yangu ni nini. Nikamwambia ni usingizi.

Nyumbani pia walifurahi. Mume wangu aliona kitu kingine. Tulikuwa kwenye pikapu, tunateremka ule mlima wa kuelekea sokoni, na bodaboda ikatukata mbele. Yeye akafunga breki hadi vifaa vyake vikaruka huko nyuma. Kisha akanitazama miguuni, akatabasamu hadi jicho likalowa.

"Mguu umetulia! Umepona, mke wangu. Umepona kabisa."

Nikatazama chini. Miguu yangu ilikuwa imekaa pamoja, imetulia tuli. Nikasema ndiyo, nimepona. Ilikuwa rahisi kusema kuliko kufikiri.

Kwa kweli sikuwa na huzuni wala furaha. Kaka yangu alipata mtoto baada ya kungoja sana, nikaenda, nikampakata, nikasema maneno yanayosemwa. Harufu ya mtoto mchanga niliisikia puani ikaishia puani. Filamu zilizokuwa zinaniliza nilizitazama hadi mwisho nikaenda kuosha vyombo. Sikuona ubaya wowote. Mtu aliyetoka kwenye shimo nililotoka mimi haulizi kwa nini huko juu hakuna upepo.

Sasa nimlete binti yangu. Tunamwita Kasuku kwa sababu alianza kuongea mapema na hadi leo hajapumua. Ndiye mtoto wetu wa pekee. Alikuwa amemaliza shule, amepata leseni ya muda ya kujifunzia, na tangu akiwa na meno ya utoto tulikuwa na ahadi moja: nitamfundisha mimi. Siyo Kobe, siyo mwingine yeyote. Alikuwa amepangiwa kuanza Jumatatu. Wiki nzima alizunguka nyumba akibadilisha gia hewani na kuuliza maswali ambayo hata mkaguzi wa mtihani hayajui.

Alhamisi ya wiki hiyo nilikuwa na mwanafunzi mmoja mtu mzima, muuguzi mstaafu, mama wa mwili na maneno mengi, aliyetaka kuendesha ili akawaone wajukuu bila kumwomba mkwe wake. Tulifika kwenye makutano karibu na kiwanda cha mbao. Alitakiwa kungoja. Hakungoja. Aliingia barabarani taratibu, gari likiwa limekaa ubavu kabisa, na upande wangu likaja lori la mchanga.

Niliona. Naomba hili lieleweke, kwa sababu watu husema "sikuona" na wanaeleweka. Mimi niliona. Niliona lori ni jekundu, taa moja imevunjika, dereva ana taulo shingoni. Nilijua halitaweza kusimama. Nilijua tukifunga breki sasa litapita mbele yetu, na tukiendelea litaingia mlangoni kwangu. Yote hayo niliyajua kwa utulivu, tena kwa mpangilio. Kilichokosekana ni kile kitu kinachotoka kwenye kujua kikashuka hadi mguuni. Nilikingojea. Hakikuja. Nikakaa pale nalitazama lori.

Yule mama alipiga ukelele, akaachia klachi ghafla, na gari likazimika pale pale. Lori likala kona, likapita kwa upana wa kiganja, likapanda tuta la mchanga wa ujenzi na kusimama. Dereva wake akashuka akatutukana matusi ambayo tuliyastahili, kisha akakaa chini kando ya tairi akashika kichwa.

Muuguzi alikuwa anatetemeka mwili mzima, jasho linamtoka, meno yanagongana. Ndani yake kila kitu kilikuwa kinafanya kazi. Mimi nikatazama mguu wangu. Ulikuwa kando ya pedali, kiatu kimeelekea mlangoni.

"Mwalimu," akasema alipopata pumzi, "wewe una moyo wa ajabu. Nimefanya kazi wodini miaka yote, sijaona mtu mtulivu kiasi hiki. Ungepiga kelele ningechanganyikiwa, tungekufa."

"Washa gari," nikamwambia. "Angalia kioo."

Shuleni alimsimulia kila aliyekuwa na masikio. Mwenye shule akafurahi sana, akasema wanipige picha ya tangazo, niwe nimekaa ndani ya gari natabasamu, na maneno chini: utulivu ni usalama. Wakanipiga. Nilitabasamu. Usiku sikuwa na ndoto yoyote. Ila nilijua jambo moja, nalo nilijua kwa kichwa tu, kama mtu anavyojua tarehe: Jumatatu, kiti cha dereva atakaa mwanangu.

Nikaacha vidonge. Najua. Usiniambie. Niliambiwa siku ya kwanza kwamba dawa hizi haziachwi ghafla, nami ndiye yule mwalimu anayewaambia watu kila siku kwamba huwezi kutoka gia ya tano hadi ya kwanza ukategemea boksi la gia libaki zima. Lakini mtu mzima akishaamua kufanya ujinga huufanya kwa bidii. Nilivisukuma kwenye tundu la sinki nikafungulia maji. Kasuku nikamwambia nina mafua, tuanze wiki inayofuata. Akanuna, akaninunia kwa maneno mengi.

Siku chache za mwanzo hakikutokea kitu. Kisha zikaanza cheche. Nikigeuza macho haraka, umeme mdogo unapita kichwani, tiki, halafu dunia inarudi mahali pake. Nikawa nayumba kwenye korido. Nikalia kwa sababu ya tangazo la sabuni, ambamo baba anafua soksi za mtoto. Nililia hadi nikaketi chini, na nikafurahi kwamba nalia, na kwa kufurahi nikalia tena. Kelele ya kijiko kwenye sahani iliniudhi hadi nikatamani kutukana, nikatukana, na ladha yake ilikuwa tamu.

Jumapili tulitoka na pikapu. Mpira ukatoka uani kwa watu ukavuka barabara, na mguu wangu ukaenda. Sikuupeleka. Ulikwenda wenyewe, bati likalia chini ya kiatu, moyo ukanipanda kooni na vidole vikafa ganzi kwa hofu. Nilitaka kupiga vigelegele.

Mume wangu hakucheka. Aliendesha hadi pembeni, akazima injini.

"Umeacha dawa."

"Nani kasema?"

"Mguu. Ulitulia ulipoanza dawa. Mimi ni fundi, mke wangu. Kitu kikirudia kelele yake ya zamani, nafungua naangalia ndani. Nitakuosha miguu tena, sina shida. Lakini lile neno ulilosema, la nafasi, siwezi kulisikia mara ya pili. Siwezi."

Nikamwambia nimekosa vidonge siku mbili tu, leo nitanywa. Nikamdanganya mchana kweupe, na nilijisikia vibaya kweli kweli, na hata ubaya huo niliuonea fahari. Nilisema moyoni: wiki moja tu, nimwanzishe Kasuku, kisha nitarudi kwenye dawa.

Sikuipata wiki hiyo. Uzito haukungoja. Ulianzia mabegani kama safari ile, ukashuka. Asubuhi moja nilifika uwanja wa magari wa shule, ufunguo ukiwa mlangoni, na sikuweza kuuzungusha. Nilijua unazungushwa vipi. Nilisimama pale kipaji cha uso kimegusa kioo. Kobe ndiye aliyenikuta. Hakuniuliza chochote, hilo nampa. Alivibandua vidole vyangu kwenye ufunguo kimoja baada ya kingine, akanikalisha ndani, akampigia simu mume wangu.

Daktari safari hii miwani ilikuwa machoni. Nilimweleza lori, sinki, cheche, mpira. Mume wangu alikuwa anasikia habari ya lori kwa mara ya kwanza. Alitoka nje kidogo, akarudi na uso uliooshwa.

"Kwa nini hukuniambia?" daktari akaniuliza.

"Hukuniuliza."

"Kila ulipokuja nilikuuliza unajisikiaje. Ulisema salama."

"Nilikuwa salama. Hata lori lilipokuja nilikuwa salama."

Akaandika, akafuta. Kisha akanieleza, tena kwa ubongo. Kwa baadhi ya watu, akasema, serotonini ikikaa juu kwa muda mrefu huzifanya zile nyingine zipunguze sauti, dopamini na wenzake, zile za hamu na za kushtuka. Huzuni inashuka, lakini hushuka na majirani zake. Dawa haichagui kama tunavyotaka. Na kuacha ghafla ndiko kulikoniletea cheche, kwa maana ubongo ulishajipanga upya kuizoea. Mpango wake ulikuwa huu: nirudi kwenye vidonge vile vile hadi nisimame, kisha tuvipunguze kidogo kidogo na kuingiza vya aina nyingine, ambavyo kwa wengi havizimi mambo kiasi hicho. Itachukua miezi. Na kwa kipindi chote hicho nisikae kwenye kiti cha mwalimu.

"Mguu utarudi?" nikauliza.

"Kwa wengi hurudi."

"Nimekuuliza wangu."

Daktari akasema tutaona. Ni mtu mkweli, sina la kumlaumu.

Basi nikarudi kwenye dawa, na baada ya muda nikarudi kazini, ila siyo garini. Mwenye shule akanipa darasa. Kuna meza kubwa iliyochorwa barabara, na vigari vya mbao vya rangi rangi. Wanafunzi wanavisukuma kwa vidole, wanasema "naonyesha ishara, naangalia kioo, naingia", na vigari vikigongana vinatoa mlio mdogo wa mbao kisha tunavirudisha mahali pake. Nilikuwa naifanya kazi hiyo vizuri. Haina haja ya mtu kuogopa.

Ikabaki Kasuku. Mume wangu alinisihi nisimweleze ukweli.

"Mwambie ratiba imebana. Mtoto hana haja ya kubeba haya."

Nikakubali. Yeye ndiye aliyekuwa na nguvu ya kuamua mambo. Mwenye shule akampangia Kasuku kwa Kobe, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa amejipanga kumwambia, aliisoma habari hiyo mwenyewe kwenye ubao wa shule.

Alirudi nyumbani mchana, mimi nikiwa mezani jikoni nachambua maharage. Aliweka mkoba chini kwa kishindo.

"Kobe? Mama, Kobe?"

"Ratiba imebana."

"Imebana wapi, wewe uko darasani siku nzima unacheza na vigari! Wanafunzi wote wanajua. Unawafundisha watoto wa watu hata majina huyakumbuki, mimi unanitupa kwa Kobe. Nimekosa nini? Kama nimekukera niambie. Tangu uugue hunigombezi, huniulizi nilikokuwa, nikichelewa unasema sawa. Kila kitu sawa. Baba anasema umepona. Mimi nilifikiri umenichoka."

Niliendelea kuchambua. Maharage mabovu huku, mazuri kule. Nilimsikia vizuri, na nilielewa kwamba maneno hayo yanauma, kwamba mama mwingine angekuwa ameshasimama. Nikafikiria kurudia habari ya ratiba. Nikaona uongo utahitaji kuulinda kesho na keshokutwa, nami sina nguvu za ulinzi.

"Kaa," nikamwambia.

Akakaa. Nikamweleza kuhusu lori. Nilimweleza yote, pamoja na taulo la dereva. Nikamwambia habari za upenyo kati ya chembe na chembe, na kemikali, na kwamba dawa inayonizuia nisizame ndiyo hiyo hiyo iliyonizuia nisishtuke. Nikamwambia sikumchoka. Nikamwambia mwalimu asiyeogopa ni abiria tu, na sitaki akae na abiria.

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakunikatiza. Alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Lakini yule alikuwa bibi wa watu," akasema mwishowe. "Mwanafunzi tu. Ingekuwa mimi kwenye usukani, mama. Lori linakuja upande wangu mimi. Ungekanyaga?"

Jibu lilikuwepo. Lilikuwa tayari mdomoni, kila mama analo: ningekanyaga, mwanangu, ningeing'oa hata pedali. Lilihitaji kusukumwa kidogo tu litoke. Nikajaribu kuliona lile lori. Nikamweka yeye pale kwenye kiti, na ile mikono yake, na mdomo wake unaosema. Nikalileta lori jekundu, nikalisogeza karibu kabisa na mlango wake. Nikausikiliza mguu wangu chini ya meza.

"Sijui," nikasema.

Alilia bila sauti, yeye wa maneno yote yale. Mabega yalikuwa yanapanda na kushuka. Machozi yakadondokea kwenye maharage mazuri, na nikafikiri kwamba nitayaosha hata hivyo kabla ya kuyapika. Hilo ndilo nililofikiri. Nilimtazama mwanangu wa pekee analia kwa sababu yangu, na ndani hakukuwa na kitu kilichosimama. Nilijua nampenda. Nilijua tangu lini, na kwa kiasi gani. Ilikuwa habari tu.

Nilijua pia mkono wa mama huenda wapi wakati kama huo. Wangu haukwenda. Nikaupeleka. Niliunyanyua kutoka kwenye maharage, nikauvusha juu ya meza, mzito kama nilivyokuwa nainua vikombe, nikauweka mgongoni kwake katikati ya mabega, nikauacha hapo.

Mgongo wake ulishtuka, kisha ukakakamaa. Mtoto anaujua mkono wa mama yake, na huu ulikuwa umechelewa, na ulikuwa umetulia mno. Nadhani alijua haukuja wenyewe. Akasogeza kiti, akauegemea hivyo hivyo.